Siku Sita za Kutafuta Kituo

Jumatatu, Dodoma mjini

Tumeondoka saa mbili asubuhi, watu watano ndani ya Land Cruiser mkonga: Mzee Katibu mbele na faili lake mapajani, mimi, Kocha wa kikapu na Sista nyuma, dereva kwenye usukani. Michezo ya vyuo vya kati vya kanda yetu itachezwa mwezi wa tisa. Vyuo 12 vimethibitisha. Hadi Jumamosi tunatakiwa tuseme kituo kiwe wapi.

Wengi husema "uwanja". Mimi nasema kituo, kwa sababu uwanja ni kipande tu cha kituo. Mzee Katibu ameandika hesabu juu ya faili kwa kalamu nyekundu: kila chuo watu 50, wachezaji pamoja na viongozi. Watu 600, siku saba. Hao watalala, wataoga, watakula mara tatu kwa siku, wataumwa malaria na kuteguka vifundo, na katikati ya hayo yote watacheza mpira.

Kwa nini mwezi wa tisa? Wageni hulala kwenye mabweni ya wenyeji, na mabweni huwa matupu wakati wa likizo ndefu tu. Mvua ya Dodoma huanza Desemba hadi Aprili, na kiwanja cha udongo kikishalowa hakuna mchezo. Kwa hiyo tunabaki na miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo miezi ya upepo. Hili la upepo nitalirudia, maana limenisumbua wiki nzima.

Tulianzia Uwanja wa Jamhuri. Kila mwanafunzi ukimuuliza anataka kuchezea Jamhuri, na sioni kosa. Dodoma Jiji wanacheza pale Ligi Kuu, na kijana wa chuo akiweka mguu kwenye nyasi ambazo juzi aliziona kwenye televisheni, kuna kitu kinabadilika kifuani mwake. Mzee Katibu alisimama kwenye duara la kati kimya, mikono nyuma. Yeye alicheza beki ujanani, na nadhani moyoni alishaamua.

Ila ligi huanza kati ya mwezi wa nane na wa tisa, kwa hiyo tutagombea tarehe na timu yenye mkataba. Halafu pale ni soka. Netiboli, wavu, mikono na kikapu vitakwenda wapi? Tukiwaweka wasichana kwenye viwanja vya chuo huku wavulana wako uwanja mkubwa wenye jukwaa, tumeshawaambia watu mechi ipi ni mechi na ipi ni ya kujazia ratiba.

Nilimwambia Mzee Katibu hivyo tukiwa tunatoka getini. Akasema, "Mwalimu, tuandike kwanza, tutabishana baadaye." Tukaandika: soka, fainali tu, kama tarehe itapatikana.

Jumanne, pembezoni mwa jiji

Asubuhi tulipita Chuo Kikuu cha Dodoma, kule kwenye vilima vya mashariki. Sisi ni vyuo vya kati, na chuo kikuu kina kalenda yake na michezo yake, lakini Mzee Katibu alitaka tukione kwa ajili ya vitanda. Tangu kianzishwe mwaka 2007 kuzunguka ukumbi wa Chimwaga, sidhani kama kuna taasisi nyingine kanda hii inayoweza kulaza watu wengi hivyo kwa mara moja. Tatizo ni ukubwa huohuo. Ndaki, yaani vyuo vilivyo ndani ya chuo kikuu, zimetawanyika, kutoka moja hadi nyingine unapanda gari. Timu ikilala ndaki moja, ikala ya pili na kucheza ya tatu, utahitaji mabasi asubuhi hadi usiku, na sisi mfuko wetu wa mafuta unajulikana.

Tukaenda vyuo viwili vidogo. Cha kwanza sikiandikii mengi: bwalo zuri, hakuna kiwanja. Cha pili ndicho kilichonikalisha hadi saa kumi.

Tulipokewa na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, binti wa mwaka wa pili, mchezaji wa C, yaani wa katikati, kwenye netiboli. Alikuja na kofia ya kujikinga vumbi na daftari. Akasema, "Shikamoo Madam, karibuni, kiwanja chetu cha netiboli ndicho hiki." Alikuwa amekifagia mwenyewe. Fagio lilikuwa bado limeegemea nguzo.

Ni sakafu ya zege, imara, bila nyufa kubwa. Nikatoa futi kamba. Yeye akashika ncha moja, mimi nikatembea na nyingine. Kiwanja cha netiboli kinatakiwa kiwe mita 30.5 kwa 15.25. Hiki kilikuwa 28 kwa 15. Nikapima tena, na jibu halikubadilika. Nikaangalia rangi vizuri nikaelewa: walichora kikapu kwanza, kwa vipimo vyake sahihi, kisha wakatumia mistari ileile ya nje kwa netiboli na kugawa katikati theluthi tatu. Sakafu yote, na ukingo wake, ni mita 30 kwa 17. Hata mtu angetaka kuchora netiboli sahihi, mstari wa nyuma ungeangukia kwenye udongo.

Asiyecheza atasema mita mbili na nusu si kitu. Kwenye netiboli pasi hairuhusiwi kuvuka theluthi nzima bila kuguswa, na theluthi sahihi ina mita 10.17. Ya hapa ina mita 9 na sentimita 33. Msichana aliyelelewa kwenye kiwanja hiki pasi yake ya kawaida ni fupi, mbio zake ni fupi, na akienda kwenye kiwanja kamili anahisi wenzake wamehamishwa mbali. Mgeni akija hapa atatupa mpira nje nusu ya mchezo. Kwa hiyo tukisema "wenyeji wana faida ya uwanja wao", wakati mwingine faida yenyewe imechorwa kwa rangi.

Binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Madam, kwa hiyo tumekuwa tukicheza vibaya?" Nikamwambia hapana mwanangu, mmecheza vizuri kwenye kiwanja kibaya. Akaandika vipimo vyote viwili kwenye daftari lake, akavipigia mstari.

Upepo nao. Mwezi wa saba Dodoma upepo unatoka upande wa mashariki, unaanza asubuhi ukipata jua na unatulia jioni. Kiwanja hiki kimelala kaskazini-kusini, kama inavyotakiwa ili jua la jioni lisimpige mchezaji usoni, kwa hiyo upepo unapita kwa ubavu. Nilimwomba binti arushe mipira kumi kuelekea ringi akiwa umbali wa hatua nne. Ringi iko mita 3.05 juu, mpira unakaa hewani muda wa kutosha kusukumwa. Sita ilikwenda kushoto. Baada ya hapo akaanza kulenga nje ya ringi upande wa kulia, na mitatu ya mwisho ikaingia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nikaandika: *netiboli ichezwe saa moja hadi saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi.* Pia: *mstari wa miti upande wa mashariki.*

Wakati mimi napima, Sista alikuwa bwenini. Sista hana mchezo na fomu. Yeye hufungua kila bomba, anaweka ndoo ya lita 20 na kuangalia saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa dakika saba. Akatupigia hesabu tukiwa tumesimama pale koridoni: bomba la namna hiyo likikimbia usiku na mchana linatoa lita elfu nne na ushee. Watu 600 kwa lita 20 tu kila mmoja, za kunywa, kupikia na kuoga, ni lita 12,000 kwa siku. Mabomba yanayofanya kazi ni mawili. Maji ya jiji hili kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya Mzakwe, na wakazi wanajua mgawo unavyokuja. Kwa hiyo tunauliza matangi, si mabomba. Yapo mawili makubwa, moja limepasuka chini.

Matundu ya vyoo vya wasichana: tisa. Kipimo cha Sista ni kile kinachotumika mashuleni, tundu moja kwa wasichana 20. Tukiwa na wasichana 240 tunahitaji 12.

Chakula cha mchana tulikula kwa mama lishe nje ya geti, wali maharage na mchicha, na hapo ndipo Kocha alipoanza habari za Marekani. Kocha ni kijana, anafuatilia kikapu cha vyuo vya kule kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alisema kwenye mashindano ya wanawake ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya kule, tangu 2015, timu 16 zilizopangwa juu kabisa ndizo zinazokuwa wenyeji wa raundi mbili za mwanzo, kwenye kumbi zao wenyewe. Besiboli nayo ina timu 64, vituo 16, kila kituo timu nne, na chuo kinachotaka kuwa kituo kinapeleka maombi na ahadi ya fedha. Wanaume wa kikapu utaratibu wao ni mwingine: mechi zinachezwa miji isiyo ya yeyote, kumbi zinatangazwa miaka kadhaa kabla, na timu hairuhusiwi kuanzia kwenye ukumbi ambao ni wake wa nyumbani.

"Kwa hiyo Dada," akasema, "tumpe bingwa wa mwaka jana. Amestahili."

Mzee Katibu alilipenda wazo la kustahili. Mimi nikasema ngoja nilifikirie, na nimelifikiria hadi usiku huu. Kule timu mgeni inashuka kwenye ndege na kulala hotelini. Mwenyeji anatoa ukumbi na mashabiki. Kwetu mgeni analala kitandani kwa mwenyeji, anaoga maji ya mwenyeji, anapikiwa na wapishi wa mwenyeji. Ukimpa bingwa kituo kama zawadi na bingwa hana maji, zawadi hiyo wanailipa vyuo 11 vingine.

Nikamkumbusha Kocha kitu kingine cha haohao Wamarekani. Mwaka 2021, wakati wa korona, mashindano ya wanaume waliyakusanya jimbo la Indiana na ya wanawake San Antonio, Texas. Mchezaji mmoja wa Oregon, Sedona Prince, akapiga video ya chumba cha mazoezi cha wanawake: rundo moja dogo la vyuma vya kunyanyua. Wanaume walikuwa na ukumbi mzima. Nafasi ilikuwepo, alionyesha nafasi tupu kwenye video ileile. Nchi tajiri kiasi kile, na bado wasichana walisubiri hadi mmoja wao atoe simu. Kocha aliiona ile video. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli Dada, lile lilikuwa jambo baya."

Jumatano, Kongwa na Mpwapwa

Barabara ya Morogoro hadi Mbande, tukakata kulia. Kongwa tulipita bila kusimama sana. Ni nchi tambarare, nyasi kavu, ng'ombe. Hapa ndipo Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga na wakaondoka mwaka 1951 bila karanga. Udongo ukikauka unakuwa kama tofali, na mvua haikuwa ile waliyoiandika kwenye mipango yao. Baadaye Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Nilimwambia Sista kwamba wilaya hii imewahi kulaza wageni wengi kuliko sisi tutakaowaleta.

Kuhusu udongo, Mzee Katibu alichimba kwa kisigino kwenye kiwanja kimoja cha soka njiani. Kisigino hakikuingia. Mlinda mlango akidaka chini hapo anatoka na nyonga yenye kidonda, na kidonda cha vumbi kinachelewa kupona. Tukaandika: *kumwagilia siku tatu kabla, kila jioni.* Sista akauliza maji hayo yatatoka wapi. Hatukuwa na jibu, tukaandika na swali lake.

Mchana tulifika chuo kimoja upande wa Mpwapwa. Milima iko karibu, upepo umekatika, miti mikubwa ya zamani, kivuli kila mahali. Moyo wangu ulikipenda kabla sijashuka garini. Viwanja viwili vya netiboli, vya udongo lakini vyenye vipimo sahihi hadi sentimita. Mpimaji alikuwa mzee mmoja wa bustani, tukamsalimia, akatuambia alijifunza kupima kwa kamba yenye mafundo tangu ujana wake na kila mwaka anachora upya kwa chokaa.

Kisha matroni akatupeleka mabafu ya wasichana. Kuta nne, paa hakuna, milango miwili kati ya sita.

Niandike jambo langu hapa, kwa sababu wenzangu waliniona nimebadilika na nikawaeleza garini. Nilipokuwa mwanafunzi nilicheza GD, mlinzi wa netiboli, kwenye michezo kama hii, kituo kikiwa chuo ambacho sitakitaja. Tulilazwa darasani, wasichana 30 na zaidi, madawati yamerundikwa ukutani. Bafu lilikuwa maturubai yamezungushwa kwenye miti. Mchana watu walipita karibu, kwa hiyo tulioga saa nne usiku, mmoja akishika tochi, wawili wakisimama walinzi, na maji yalikuwa ya baridi ya mwezi wa saba. Choo kilikuwa mbali, gizani. Mwenzetu mmoja, WA wetu, mshambuliaji wa pembeni, msichana mwepesi ajabu, aliamua asinywe maji kuanzia mchana ili asiamke usiku. Siku ya nne, robo ya tatu ya mchezo, alianguka. Hakugongwa na mtu. Alikuwa anakimbia kuifuata pasi, magoti yakakataa. Tulimbeba kwenye kanga hadi kwenye kivuli. Kwenye ripoti ya mashindano yale iliandikwa kwamba timu yetu ilitolewa kwa "kukosa stamina". Nimeibeba sentensi hiyo miaka mingi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kituo kina nyasi nzuri, nauliza msichana atakwenda chooni vipi saa tisa usiku. Naanza na hilo kabla sijafungua futi kamba.

Matroni hakujitetea. Alisema milango imeombwa mara tatu kwenye bajeti. Alisema pia, na nililiandika neno kwa neno: "Mngetuambia mwaka mmoja kabla, mkuu wa chuo angekuwa na sababu ya kuisukuma. Mnakuja wiki nane kabla, mnatukagua, mnaondoka, mwaka ujao mnakuja tena mnatukagua vilevile."

Alhamisi, barabarani

Tumelala Dodoma, tumeamka saa kumi na moja, tumeshika barabara ya Singida, kilomita 240 hivi. Bahi mashamba ya mpunga yamevunwa. Baada ya Kintinku tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa, gari likinguruma, na Manyoni tukanywa chai na chapati. Issuna, Ikungi, Puma, kisha yale mawe makubwa ya Singida yaliyobebana. Dereva amechoka. Tumelala mapema.

Njiani jambo moja tu la maana. Mzee Katibu alikuwa kimya tangu Mpwapwa. Tulipopita Ikungi akageuka akasema, "Mwalimu, ile ripoti ya stamina, miaka ile nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiandika ripoti za aina hiyo. Hatukuwahi kuuliza." Nikamwambia tunauliza sasa, Mzee. Akafungua faili, akahamisha ukurasa wa mabafu ukawa wa kwanza, na wa viwanja vya soka ukaenda nyuma.

Ijumaa, Singida

Uwanja wa Liti, ambao watu wazima wa hapa bado wanauita Namfua, tuliuona asubuhi. Mji huu unapenda mpira kwelikweli. Timu zake zimekuwa Ligi Kuu, na muuza kahawa alinipa matokeo ya msimu mzima bila kukosea. Kama Jamhuri, ni wa soka, na una ratiba yake.

Chuo tulichokikagua kiko umbali wa kutembea kutoka mjini. Mabweni mawili ya wasichana yenye uzio, mlango mmoja, mlinzi mwanamke. Vyoo viko ndani ya bweni. Sista alihesabu matundu 14, akayafungua yote, akarudi akiwa na uso ambao sijauona wiki nzima. Taa za koridoni zinawaka. Nilikaa dakika moja kwenye ngazi za bweni lile, nikawafikiria wenzangu 30 wa darasani.

Maji yapo, ila Sista alionja na kuuliza chanzo. Maji mengi ya chini ya ardhi kanda hii ya kati yana madini ya floridi, na meno ya kahawia ya watoto wa vijiji vingi ndiyo ushahidi. Kwa wiki moja hakuna atakayeharibika meno, alisema, lakini mchezaji asiyezoea ladha hatakunywa vya kutosha, na hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Akaandika maji ya kunywa yaletwe kwa gari kutoka chanzo cha mjini kilichopimwa.

Kiwanja cha netiboli kimoja, lami, vipimo sahihi. Kikapu kimoja, ringi moja imelegea. Kocha alipanda kwenye meza, akaikaza mwenyewe kwa spana ya dereva. Soka, kiwanja cha udongo kimelala mashariki-magharibi, kwa hiyo kipindi kimoja utapiga na upepo mgongoni na jua la jioni litampata kipa mmoja machoni. Mechi za soka zimalizike saa kumi.

Tulisimama saa sita hadi saa nane kwa ajili ya Swala ya Ijumaa. Ratiba ya Dodoma niliyoibeba ilikuwa na mechi saa saba mchana siku ya Ijumaa. Tumeifuta.

Alasiri kikao na wenyeji. Makamu mkuu wa chuo, mama mtulivu, aliuliza swali ambalo wote tulikuwa tunalizunguka: "Je, sisi tukiwa kituo na timu yetu ikashinda, hamtasema tumebebwa?" Timu yao ya netiboli ni nzuri, ilifika fainali mwaka jana.

Kocha alitaka utaratibu wa wanaume wa kule Marekani, mwenyeji asichezee nyumbani. Lakini tukiifuata hiyo tutamwadhibu aliyejenga vyoo. Nilipendekeza mambo matatu. Waamuzi watoke nje ya kanda. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mwamuzi wa Dar anaondoka asubuhi na mchana yuko uwanjani. Hadi Singida atahitaji basi na usiku mmoja, na gharama hiyo tuilipe bila kunung'unika. Pili, kila timu mgeni ipewe saa nzima ya mazoezi kwenye kiwanja cha mashindano kabla ya mechi yake ya kwanza. Tatu, mechi za mwisho za kundi zichezwe muda mmoja, ili asiwepo anayejua matokeo ya mwenzake. Mama akayaandika yote, kisha akasema, "Haya nayakubali hata kama yatatuumiza."

Usiku tumekula kuku wa kienyeji. Singida ni Singida.

Jumamosi, Manyoni hadi Dodoma

Uamuzi tumeufanya Manyoni, mezani, vikombe vya chai vikishikilia karatasi zisipeperuke.

Mzee Katibu aliandika. Vituo viwili: vyuo sita Singida, sita Dodoma kwenye chuo cha sakafu ya zege, kila kimoja watu 300, si 600. Mzigo ukigawanywa, matundu tisa ya Dodoma yanatosha wasichana 120 na matangi yanafaa, lile lililopasuka likizibwa. Nusu fainali na fainali za michezo yote Dodoma, siku mbili. Fainali ya soka Jamhuri kama tarehe itapatikana. Ikipatikana, fainali ya netiboli nayo ichezwe mjini siku hiyohiyo, saa ya heshima, na si saa tatu asubuhi kabla watu hawajafika. Hili nililidai na sikupunguza.

Nilikataa kuweka sahihi hadi masharti yaandikwe ndani ya fomu yenyewe, si kwenye barua ya pembeni: tangi, taa za njia ya choo, na kiwanja cha netiboli kipanuliwe kabla ya Septemba. Sahihi yangu iko chini ya masharti hayo.

Na ukurasa wa mwisho, uliotokana na matroni wa Mpwapwa. Kituo cha mwaka kesho na cha mwaka keshokutwa vitajwe sasa, kwenye kikao hikihiki, ili wakuu wa vyuo waende kwenye bajeti wakiwa na tarehe mkononi. Tumependekeza Mpwapwa iwe ya mwaka keshokutwa, kwa barua inayosema paa, milango minne na maji. Mzee Katibu alisema kamati inaweza kukataa, haijawahi kuamua mapema hivyo. Akaisaini kwanza yeye.

Tumefika Dodoma saa tisa na nusu. Nilimwomba dereva anishushe pale kwenye zege. Binti waziri wa michezo alikuwepo, nilikuwa nimempigia simu, amekuja na wenzake wanne, vigingi, nyundo na mfuko nusu wa chokaa. Uwanja sahihi na nafasi ya kukimbilia nje unahitaji sakafu ya mita 36.6 kwa 21.35, yaani zege iongezwe mita 3.3 kila mwisho na mita mbili na kidogo kila ubavu. Fundi atakuja Jumatatu kupima gharama, na tulitaka aone kwa macho.

Tukavuta kamba. Upepo ulikuwa umeanza kutulia. Binti alipigilia kigingi cha mwisho kwenye udongo, mbali kabisa na mstari wa zamani, akasimama juu yake, akamtazama GS wao, mfungaji, aliyekuwa upande wa pili. "Mbali hivyo?" GS akapaza sauti. Binti akanyoosha mikono, akaomba mpira.

Pasi ya kwanza haikufika. Wakaokota, wakajaribu tena.